Dawa Moja, Miili Mbalimbali

Ukipita katika soko la Gikomba asubuhi, utamwona mwuza maharagwe akijaza gorogoro yake mpaka juu, kisha akaisawazisha kwa kiganja cha mkono ili asimpunje mnunuzi wala asijipunje mwenyewe. Wanunuzi wawili wakija mmoja baada ya mwingine, kila mmoja atapewa gorogoro moja kwa bei moja. Lakini kama mmoja ana watu wawili nyumbani na mwenziwe ana watu kumi, nyumba moja italala imeshiba na nyingine italala na njaa. Mwuzaji hakukosa, na kipimo hakikukosa. Lililokuwa tofauti ni matumbo yaliyongoja chakula.

Nataka ukiweke moyoni kisa hiki kidogo, msomaji, maana habari nitakayokueleza inafanana nacho. Ni habari ya dawa. Watu wengi hudhani kwamba daktari akishaandika vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, kazi ya kupima imekwisha. Sivyo. Kuna kipimo kilichoandikwa katika karatasi, kuna kipimo kilichomezwa, na kuna kipimo kilichofika katika damu na kukaa humo. Hivi vitatu si kitu kimoja, na historia ya kuvitenganisha imepita karibu sana na milango ya nyumba zetu za Eastlands.

Tuanze na makao yenyewe. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kuwa kituo cha reli. Mji ulipokua, wafanyakazi wa Kiafrika walitengewa upande wa mashariki, ng'ambo ya reli na karakana. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shauri Moyo ilijengwa karibu na mwisho wa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wa kijiji cha Pangani kilichobomolewa. Katika miaka ya 1940 zikafuata Kaloleni, Ziwani na Starehe. Na katika miaka ya 1950 zikaja Bahati, Mbotela, Ofafa na nyingine. Majina mawili ya mwisho ni ukumbusho wa watu waliouawa katika siku za Hali ya Hatari: Tom Mbotela, aliyekufa mwaka wa 1952, na Ambrose Ofafa, aliyekufa mwaka wa 1953.

Nyumba nyingi za zamani katika mitaa hiyo zilijengwa kwa fikira kwamba mfanyakazi wa Kiafrika ni mseja wa kupita, aliyekuja mjini kuuza nguvu zake na ambaye siku moja atarudi kwao. Kwa hiyo alipewa chumba, au sehemu ya chumba. Lakini watu hawakuwa wa kupita. Waliwaleta wake, wakazaa watoto, wakawakaribisha ndugu waliokuja kutafuta kazi. Chumba cha watu wawili kikalaza watano na sita, dirisha likafungwa usiku kwa sababu ya baridi na wezi, na hewa iliyotoka katika pafu la mmoja ikaingia katika pafu la mwingine.

Hayo ndiyo mazingira yanayopendwa na kifua kikuu. Ugonjwa huu hauenezwi kwa uchawi wala kwa damu ya ukoo, kama walivyodhani wazee wengine. Huenezwa na vijidudu vidogo mno vinavyotoka katika kifua cha mgonjwa anapokohoa, vikaelea hewani, vikavutwa na mtu wa karibu. Jua na hewa safi ni adui zao. Giza na msongamano ni rafiki zao. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika chumba kimoja cha watu sita, aliyeficha kikohozi chake hakujidhuru peke yake.

Kabla ya miaka ya 1940 hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu hivyo. Mgonjwa alilazwa miezi mingi, akapewa maziwa, hewa na mapumziko, akangoja rehema. Kisha mambo yakabadilika upesi. Katika mwaka wa 1943 streptomaisini ilivumbuliwa huko New Jersey, Marekani. Katika miaka hiyo hiyo Jörgen Lehmann, aliyekuwa akifanya kazi katika Uswidi, aligundua nguvu ya dawa iliyoitwa PAS, ambayo ni ya ukoo mmoja na aspirini. Katika mwaka wa 1952 ikatangazwa isoniazidi. Na hapa historia ina kicheko chake, maana isoniazidi ilikwisha kutengenezwa Prague mwaka wa 1912 na wanakemia wasiojua kwamba inaponya. Kwa miaka arobaini dawa ilikuwapo, na watu walikufa kando yake.

Madaktari walijifunza mapema kwamba dawa moja peke yake haitoshi. Katika majaribio ya kwanza ya streptomaisini nchini Uingereza wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha vijidudu vilivyosalia vikazoea dawa, na ugonjwa ukarudi. Ndiyo sababu kifua kikuu hutibiwa kwa dawa mbili au zaidi kwa pamoja, kama vile askari hulinda lango kwa zamu, akikosa mmoja mwingine yupo.

Sasa likaja swali la fedha. PAS ilikuwa ghali, ladha yake mbaya, na mgonjwa alitakiwa kumeza gramu nyingi kila siku. Nchi maskini zingefanya nini? Katika mji wa Madras, India, utafiti ulioanza mwaka wa 1956 na kutangazwa mwaka wa 1959 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyemeza dawa zake nyumbani kwake, hata katika nyumba ya kimaskini, alipona karibu sawa na aliyelazwa hospitalini. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa hakuna serikali ambayo ingaliweza kujenga vitanda vya kutosha wagonjwa wote.

Huku kwetu, madaktari wa Afrika ya Mashariki walishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Nairobi palikuwa na Kituo cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Wakatafuta dawa rahisi ya kuandamana na isoniazidi, wakaijaribu thayasetazoni, iliyokuwa imetokea Ujerumani katika kazi ya Gerhard Domagk. Walijaribu vipimo mbalimbali, na taarifa zao zikaanza kutoka mwaka wa 1960. Mwishowe wakakubaliana juu ya miligramu 300 za isoniazidi pamoja na miligramu 150 za thayasetazoni, mara moja kwa siku. Dawa hizo mbili ziliweza kutiwa katika kidonge kimoja cha bei ndogo. Kidonge hicho kilienea Kenya na katika nchi nyingi nyingine, na maelfu ya watu walipona kwacho.

Lakini hebu tusimame hapa tuulize. Miligramu 300 hizo, zikishamezwa, huenda wapi?

Huingia tumboni, hupenya katika damu, huzunguka mwilini, kisha hupita katika ini. Ini ni kama karakana. Humo mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyobadilisha kemikali moja kuwa nyingine. Kimeng'enya kimoja huishika isoniazidi, huigeuza, huiondolea nguvu yake, na mafigo huitoa katika mkojo. Katika mwaka wa 1953 wataalamu walianza kuona katika mikojo ya wagonjwa jambo la ajabu: watu hawakuigeuza dawa hii kwa kasi moja. Na katika mwaka wa 1960 David Price Evans na wenziwe walitangaza uchunguzi wao. Waliwapa watu isoniazidi, wakangoja saa sita, wakapima damu. Mtu angetazamia kuona watu wamepangana taratibu kutoka wa chini mpaka wa juu, kama urefu wa wanafunzi katika mstari. Badala yake wakaona makundi mawili yaliyojitenga. Wengine huiharibu dawa upesi, na wengine huiharibu polepole. Walipochunguza familia, wakaona kwamba tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na mama, kama rangi ya macho.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme mtu wa upesi hupoteza nusu ya dawa iliyo katika damu yake kila baada ya saa moja na nusu, na mtu wa polepole hupoteza nusu kila baada ya saa tatu. Baada ya saa sita, yule wa kwanza amegawa nusu mara nne: amebaki na sehemu moja ya kumi na sita. Yule wa pili amegawa nusu mara mbili tu: amebaki na robo. Walimeza kidonge kimoja, saa moja, mbele ya mwuguzi mmoja. Na bado mmoja ana dawa mara nne ya mwenziwe. Hii ndiyo ile gorogoro ya Gikomba.

Usidhani kwamba kundi moja ni bora na jingine duni. Miongoni mwa Waafrika wa sehemu zetu, na miongoni mwa watu wa Ulaya, takriban nusu ni wa polepole na nusu ni wa upesi. Miongoni mwa Wajapani wengi mno ni wa upesi. Katika dawati moja la shule yako huenda yameketi makundi yote mawili, na hakuna awezaye kuyajua kwa kutazama uso, kabila au unene wa mtu.

Je, ilikuwa lazima basi kila mgonjwa wa Makongeni au Kaloleni apimwe damu? Hapa ndipo wataalamu walipoonyesha busara, na ningependa uifuate hoja yao kwa makini. Waliuliza kwanza kama tofauti hiyo inabadilisha matokeo. Wakaona kwamba mgonjwa akimeza dawa kila siku, wale wa upesi na wale wa polepole hupona karibu sawa, kwa sababu hata yule wa upesi hupata dawa ya kutosha kabla haijaharibiwa, na kesho hupata nyingine. Lakini ilipojaribiwa Madras kuwapa watu isoniazidi na streptomaisini mara moja tu kwa juma, wale wa upesi hawakufanya vizuri kama wenzao. Na kwa upande wa pili, vipimo vikiwa vikubwa, wale wa polepole ndio walioumia zaidi, kwa ganzi na maumivu ya miguu. Madhara hayo yakagunduliwa kuwa huzuiwa kwa vitamini iitwayo B6.

Basi tofauti ya damu ipo siku zote, lakini haina uzito ule ule siku zote. Pale kipimo cha kawaida kinapomtosha kila mtu bila kumdhuru, kupima damu ni gharama isiyo na faida. Pale kipimo kinapokuwa karibu na ukingo, wa chini au wa juu, kutopima ni hatari. Kanuni hiyo ishike vizuri, maana tutaihitaji tena.

Kulikuwa na kipimo kingine kilichokuwa muhimu kuliko cha damu, nacho ni kipimo cha kinywa. Wagonjwa wengi walipoona nafuu waliacha dawa. Wengine walikubali kwa daktari na kutupa vidonge njiani, hasa PAS. Kwa hiyo madaktari wa zama hizo wakajifunza kupima mkojo: dawa fulani ya maji ikitiwa katika mkojo wa mtu aliyemeza PAS, rangi hugeuka. Haikuwa kumfanya mgonjwa mwizi. Ilikuwa kutaka kujua kama dawa imeshindwa kazi yake, au haikupewa nafasi ya kuifanya. Daktari asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili ataongeza dawa kwa asiyeimeza, au atamlaumu mgonjwa aliyeimeza kwa uaminifu.

Katika mwaka wa 1970 watafiti wa Afrika ya Mashariki na wa Uingereza walianza jaribio jingine lililobadili tiba ya dunia nzima. Walitaka kujua kama miezi kumi na minane ya dawa yaweza kupunguzwa kuwa miezi sita. Katika kundi lililopewa rifampisini pamoja na streptomaisini na isoniazidi, takriban 3 tu katika kila 100 waliugua tena. Waliopewa pirazinamidi badala ya rifampisini walikuwa takriban 8 katika 100. Waliopewa thayasetazoni, 22. Na waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake, 29. Tiba ya miezi sita inayotolewa leo bila malipo katika vituo vya serikali vya Kenya ina mizizi yake katika jaribio hilo, yaani katika miili ya wagonjwa wa nchi zetu waliokubali kujaribiwa. Twawadai heshima.

Hata hivyo, rifampisini ilikuwa ghali, na kile kidonge cha bei ndogo chenye thayasetazoni kiliendelea kutumiwa miaka mingi. Ndipo ukaja UKIMWI katika miaka ya 1980. Mwili ulioshambuliwa na virusi vya UKIMWI haukuipokea thayasetazoni kama mwili wa zamani. Watafiti waliofanya kazi Nairobi walitangaza mwaka wa 1991 kwamba katika wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi hivyo, karibu mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi kwa sababu ya thayasetazoni, ambapo miongoni mwa wasio na virusi alikuwa mmoja hivi katika mia. Kwa wengine ngozi ilichubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, na wako waliokufa. Dawa ikaondolewa polepole, ikawekwa ethambutoli mahali pake.

Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji. Kipimo cha miligramu 150 kilikuwa kimechaguliwa kwa uangalifu, hapa hapa kwetu, na watu waaminifu. Hakikuwa kosa mwaka wa 1960. Kilichobadilika ni mwili wa mgonjwa. Kumbe haitoshi kupima mara moja na kuandika kanuni ukutani. Watu wanapobadilika, sharti wapimwe upya.

Sasa nitakupeleka kwenye ugonjwa mwingine, unaoonekana kuwa mbali na kifua kikuu lakini ni jirani yake. Mwilini mna majeshi ya kinga yanayopigana na vijidudu. Kwa watu wengine majeshi hayo hukosea adui na kuushambulia utumbo wenyewe. Mgonjwa huumwa tumbo, huharisha mara nyingi, pengine damu, hukonda na kuchoka, miezi na miaka. Sura moja ya ugonjwa huu hutoa vidonda katika utumbo mpana. Sura ya pili huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenziwe mwaka wa 1932. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba haya si magonjwa ya Waafrika. Lakini mwaka wa 1964 madaktari waliofanya kazi Uganda walieleza habari za Waafrika wanne wenye vidonda hivyo vya utumbo. Si wengi, lakini wanne watosha kuvunja neno “hakuna”. Na katika nchi ambamo kuhara kwa damu huhesabiwa mara moja kuwa amiba, mgonjwa wa aina hii aweza kupewa dawa za amiba mara kwa mara bila ya mtu kuuliza kwa nini haponi.

Dawa ya kwanza iliyowafaa watu hawa ilitoka Uswidi pia, kwa daktari mwanamke aitwaye Nanna Svartz, karibu na mwaka wa 1940. Huitwa sulfasalazini. Ni dawa mbili zilizofungwa pamoja, na moja kati yake ni ndugu wa ile PAS ya kifua kikuu. Ya pili hugeuzwa katika ini na kimeng'enya kile kile kinachoigeuza isoniazidi! Kwa hiyo wale watu wa polepole tuliokutana nao katika kifua kikuu tunawakuta tena hapa: hao ndio waonekanao kupata zaidi kichefuchefu na maumivu ya kichwa wanapopewa sulfasalazini nyingi. Mwili hautengenezi sheria mpya kwa kila ugonjwa.

Katika mwaka wa 1998 Marekani iliruhusu dawa nyingine ya ugonjwa wa Crohn, iitwayo infliksimabu. Hii si kidonge. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, hutiwa katika mshipa wa damu, na baada ya mara tatu za kwanza hurudiwa aghalabu kila majuma manane. Kazi yake ni kuikamata kemikali ambayo majeshi ya kinga huitumia kuitana na kuwasha uvimbe. Wengi waliokuwa wamekata tamaa walisimama tena. Lakini kwa wengine dawa ilifanya kazi mwaka mmoja, kisha ikanyamaza. Kwa nini?

Ilipopimwa damu, sababu zikaonekana si moja. Kipimo huchukuliwa siku ya dawa, kabla haijatiwa, wakati ile ya zamani imefika kiwango chake cha chini. Ikiwa dawa ni kidogo mno katika damu, na mwili haujatengeneza kingamwili za kuipiga, basi yaelekea mgonjwa anaitumia upesi. Huongezewa, au majuma hupunguzwa. Ikiwa dawa haipo, na kingamwili za kuipiga ni nyingi, basi mwili umeitambua kuwa mgeni na unaiangamiza. Kuongeza ni kumwaga maji katika mchanga, na yafaa kubadili dawa. Ikiwa dawa ipo ya kutosha na bado utumbo una vidonda, basi ugonjwa unapita njia nyingine, na dawa ya namna nyingine itafutwe. Watu watatu wenye kilio kimoja wanahitaji majibu matatu. Bila kipimo, wote watatu wangepewa jibu moja, na wawili wangepotea.

Je, wote wapimwe, hata wasiolalamika? Wataalamu hawajakubaliana kabisa. Katika Norwe matokeo ya majaribio mawili yalitangazwa mwaka wa 2021, yakihusu wagonjwa wa utumbo pamoja na wa viungo na ngozi. Katika wakati wa kuanza dawa, kupima kila mara hakukuleta faida iliyoonekana. Katika wakati wa kuendelea nayo, waliopimwa walidumu katika nafuu zaidi kuliko wasiopimwa. Waikumbuka ile kanuni ya isoniazidi? Tofauti ipo siku zote. Uzito wake hutegemea wakati na mahali.

Na sasa njia zetu mbili zinakutana. Ile kemikali ambayo infliksimabu huikamata ndiyo pia inayousaidia mwili kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu na kuvifunga vilale. Watu wengi waliovuta vijidudu hivyo utotoni huishi navyo maisha yote bila kuugua, kwa kuwa ukuta haujabomoka. Mwaka wa 2001 ilitangazwa habari ya watu 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu. Dawa ilikuwa imeufungua mlango wa gereza. Tangu hapo mgonjwa huchunguzwa kwanza kama ana vijidudu vilivyolala, na akiwa navyo hutibiwa, mara nyingi kwa isoniazidi yetu ya zamani, kabla ya kupewa dawa ya utumbo.

Unaona basi jinsi jambo hili linavyomhusu mtu wa Eastlands. Kenya ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, orodha ya miaka ya 2021 hadi 2025. Kijana wa Mathare, Kayole au Dandora akishikwa na ugonjwa wa Crohn leo, daktari wake ana mambo ya kufikiri ambayo daktari wa Oslo hayafikiri kwa uzito ule ule. Ule usiku wa dirisha lililofungwa, katika chumba cha watu sita, huenda bado umo ndani ya kifua chake.

Tena liko swali la haki. Dawa za namna hii ni ghali, na upimaji wake haupatikani katika kila hospitali. Wengine husema kwamba kupima ni anasa ya matajiri. Mimi naona kinyume. Tajiri akipewa dawa isiyomfaa, hupoteza fedha. Maskini akipewa dawa isiyomfaa, ndugu zake wamekwisha kuuza shamba na kuchangisha harambee, na hapana harambee ya pili. Dawa ikiwa ghali, na mwili ukiwa waweza kuiharibu, kipimo ndicho kinachookoa mali na uhai. Mwenye gorogoro moja tu ya maharagwe ndiye apaswaye kuhesabu walaji.

Usiondoke hapa ukidhani kwamba nakufundisha kujipunguzia au kujiongezea dawa mwenyewe. La, hasha. Aliyeacha vidonge vyake kwa sababu anajidhani kuwa “wa polepole” atawafundisha vijidudu vita. Kujua kwamba miili si sawa ni sababu ya kurudi kwa mganga na kumwambia kweli: dawa nilimeza au sikumeza, nilipata nafuu au sikupata, miguu yafa ganzi au haifi. Kweli hiyo ya mgonjwa ni kipimo cha kwanza, na haina bei.

Wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, usimngoje akuombe, mpelekee. Ni neno la huruma, nami silipingi. Lakini historia hii yaongeza neno moja. Mpelekee uji bila kumwuliza. Lakini kuhusu dawa, mwulize, msikilize, na pale inapofaa, mpime. Vidole vya mkono mmoja havilingani, na mkono ni wa mtu mmoja; sembuse miili ya watu wa mji mzima!

Huenda miongoni mwenu msomao kurasa hizi, katika madarasa ya Jericho, Buru Buru au Eastleigh, yumo atakayekuwa daktari, mkemia au mwuguzi. Siku moja ataletewa mgonjwa ambaye dawa imemshinda. Nataka akumbuke kwamba maneno “dawa imeshindwa” si mwisho wa uchunguzi. Na aulize: imemezwa? Imefika? Imekaa? Imekuta adui yuleyule? Akiuliza hayo kwa subira, atakuwa mrithi wa kweli wa wale waliopima mikojo na damu katika mji huu kabla ya kuzaliwa kwake, na wa wale wagonjwa, wasioandikwa majina popote, waliotoa miili yao ili sisi tujue.